Himid Katika Kibanda cha Walakota

Himid Faki aliendesha gari la wagonjwa, lakini si lile la king'ora. Lake lilikuwa basi dogo jeupe lenye lifti ya viti vya magurudumu nyuma. Asubuhi aliwachukua watu majumbani mwao akawapeleka hospitali kusafishwa damu, na mchana akawarudisha, wamelegea kama nguo zilizokamuliwa. Wengi wao walikuwa wazee. Walimzoea kama mtu anavyomzoea dereva: walijua jina lake, walimuuliza foleni ikoje, na mmoja wao akifa, ofisi ilimwambia Himid asubuhi kwamba leo asipite mtaa fulani. Basi, yakaishia hapo.

Alikuwa Mpemba wa Konde, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo. Alitoka kwao mwaka ule wa vurugu, 2001, akapitia Mombasa, akafika London, akapewa hifadhi. Mkewe Mardhiya alimfuata baadaye. Wakapata flati Barking na mtoto mmoja, Sundus. Miaka ikapita kwa kazi na skuli na Jumamosi za kutafuta samaki sokoni, mpaka Mardhiya akapatwa na maradhi ya moyo, akafariki. Sundus alimaliza chuo akapata kazi Leeds. Alikuwa binti mwema. Kila Ijumaa alimpigia baba yake simu, ila Kiswahili alikisikia tu. Ukimsemesha kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na Himid, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, alijikuta hana la kumwambia isipokuwa habari za mvua.

Flati ikawa kimya. Msikitini watu walimpa mkono, wakamuuliza hali, kisha kila mmoja akamshika mwanawe mkono akaenda zake. Siku moja Himid yuko jikoni anangoja birika, akagundua kwamba tangu Ijumaa mpaka Jumatatu ile hajatamka neno la lugha yake. "Haya, chemka basi," aliliambia birika, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Hivyo ndivyo alivyokuwa alipoanza kumchukua Mzee Delmar.

Mzee Delmar aliishi Kilburn, juu ya duka la kinyozi, karibu na kituo cha treni. Siku ya kwanza alikataa kukaa nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akajivuta kwa tabu akaketi, akafunga mkanda, akasema, "Huko nyuma wanazungumza maradhi tu." Alikuwa mzee mwenye uso mpana na macho madogo, nywele fupi za mvi, kofia ya sufu. Himid alimdhania Mfilipino. Siku ya pili akamdhania mtu wa Bolivia. Siku ya tatu mzee mwenyewe akacheka.

"Unajiuliza natoka wapi. Wote wanajiuliza. Mimi ni Mlakota."

Himid hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Wale wenyeji wa Amerika. Wale wa kwenye sinema," alisema Mzee Delmar. "Wenye farasi. Lakini mimi farasi nilikuwa nawaogopa. Mjomba wangu alikuwa nao, mmoja akaniuma bega. Ndiyo maana nikajiunga na jeshi la anga."

Jeshi hilo ndilo lililomleta Uingereza akiwa kijana, kwenye kambi ya Wamarekani huko mashariki. Akampenda muuguzi wa Kiingereza, Pauline, akamwoa, akabaki. Hawakujaaliwa mtoto. Pauline alipofariki, Mzee Delmar alikata nywele zake zilizokuwa zikifika kiunoni, kama ifanywavyo kwao mtu anapofiwa, na hakuziacha zikarefuka tena. Nyumbani kwao, Rosebud, huko South Dakota, alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake aliyekwisha kufa, aliyempigia simu mara moja moja. Ndiye peke yake aliyebaki.

Mzee alikuwa na maswali ya ghafla. Asubuhi moja wamekwama kwenye foleni, mvua inanyesha, abiria wa nyuma wamesinzia, akauliza, "Lugha yako unazungumza na nani?"

Himid alifikiri. "Na birika," akasema.

Mzee Delmar hakucheka. "Mimi na televisheni," alisema. "Wakisoma habari, nawajibu kwa Kilakota. Pauline alijua maneno kadhaa. Alijua kunitukana vizuri sana."

Tokea siku hiyo safari zao zikawa na kitu kingine. Mzee alimfundisha Himid maneno, na Himid akamfundisha yake. Alitaka kujua mtu humwitaje ndugu wa kiume aliye mdogo kwake. Himid akamwambia: mdogo wangu. Mzee alilirudia neno hilo mpaka walipofika hospitali, akiligeuza mdomoni kama mtu anayeonja chakula kigeni. Kwao, alisema, ni *misun*. Na Himid, ambaye hakuwa amemwita mtu kaka tangu alipoondoka Konde, akaanza kumwita Kaka Delmar, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi wa tatu, barabara zikiwa bado na baridi, mzee alipanda garini, akafunga mkanda, akasema kama anayetaja bei ya mkate, "Naacha. Nimewaambia madaktari. Nitakwenda wiki hii na ijayo, mpaka mpwa wangu afike. Halafu basi."

Himid alijua maana yake. Mtu aliyeacha mashine haendi mbali. Alitaka kumwambia asifanye hivyo, kwamba uhai si wetu wa kuamua. Lakini alikuwa ameuona mkono wa mzee, mishipa yake imevimba kama kamba, na alikuwa amemsikia akitapika pembezoni mwa barabara zaidi ya mara moja. Akaendesha tu.

"Mpwa wangu, Wendell, ana haki ya kuongoza inipi," mzee akaendelea. "Ni kibanda. Tunaingia, yanaletwa mawe yaliyopashwa moto, yanamwagiwa maji, tunakaa ndani ya mvuke tunaomba. Mtu hutoka kasafika. Sina nguvu za kwenda nyumbani, kwa hiyo nyumbani kunakuja hapa. Ndugu yake Pauline, Keith, ana shamba huko mbele ya Epping. Nataka uje."

"Mie Muislamu, kaka."

"Sikukwambia ubadilishe dini. Nimekwambia uje. Mtu hawezi kuingia akiwa hana jamaa. Ninaye Wendell na mkewe Arlene. Shemeji yangu Keith atatazama moto. Nimefikiri nani mwingine ananijua katika mji huu mzima, nimekuona wewe."

Himid akakata kona kuelekea hospitali. Mzee naye hakuuliza tena.

Ijumaa ile, baada ya sala, alimsubiri Suhaib kwenye ngazi za msikiti. Suhaib alikuwa mtu wa Wete, rika lake, karani wa baraza la mtaa, na ndiye aliyemsimamia mambo yote ya maziko ya Mardhiya. Himid akamweleza.

"Himid, ndugu yangu," alisema Suhaib, "hayo mambo ya mizimu. Utaingia kiza gani na watu usiowajua, waombe wanachokiomba, nawe umekaa?"

"Ni mtu anakufa, Suhaib. Kaniita."

"Basi mpeleke. Mshike mkono mpaka mlangoni. Halafu kaa nje umtazame mgonjwa wako. Usiingie."

Ushauri huo ulimwelea Himid. Akaazimia hivyo: atakuwa dereva, kama siku zote.

Wendell alifika mwishoni mwa mwezi. Alikuwa mtu mnene mwenye msuko mmoja mweusi mgongoni, mwendesha greda kwao, na sauti ya taratibu sana. Siku ya pili tu alimpigia simu Himid na tatizo ambalo Himid hakulitarajia: mawe. Shamba la Keith lilikuwa limejaa mawe, lakini ni yale meusi yanayokatika kama kioo, na yakitiwa motoni hupasuka yakaruka. Alihitaji mawe yanayovumilia.

"Hapa Barking kuna yadi wanauza mawe ya bustani," alisema Himid.

Walikwenda pamoja, mvua ya manyunyu inawanyeshea. Muuzaji, kijana wa Kirumania aliyevaa koti la njano, aliwaonyesha mifuko iliyokwisha kufungwa. Wendell akatikisa kichwa. Alichutama mbele ya rundo la mawe ya volkano, akawa anaokota jiwe moja moja, analipima mkononi, analigeuza, mengine anayarudisha kwa upole.

"Ni ya bwawa la samaki?" muuzaji alimuuliza Himid.

"Ni ya mgonjwa," alijibu Himid. Himid alibeba mawe yale mpaka kwenye gari lake, mikono ikimwuma kwa baridi, na akaona ameshiriki katika jambo kabla hajaamua kushiriki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Alimfuata Mzee Delmar Kilburn kwa gari lake mwenyewe, akamfunika blanketi miguuni. Njia nzima mzee alitazama nje. Nyumba zilipokwisha, yakaja mashamba ya kijani yaliyolowa, ua wa miiba, ndege wakubwa wa rangi ya shaba wakikimbia pembezoni mwa njia. Shamba lilikuwa mwisho wa barabara ya matope. Keith, mzee mwembamba mwenye viatu vya mpira, aliwapokea kwa kichwa tu. Moto ulikuwa unawaka tangu asubuhi, na ndani yake mawe ya Barking yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu.

Himid alikitafuta kibanda kwa macho, asikione, mpaka Arlene alipomwonyesha. Kilikuwa kifupi, hakifiki kifuani mwa mtu. Fito za mti unaoota kando ya maji zilizokunjwa zikafungwa, juu yake blanketi kuukuu, vipande vya zulia, na turubai lililokuwa na jina la kampuni ya malori. Akajisemea moyoni kwamba kwao banda la kuku lilikuwa zuri zaidi. Hakukuwa na kitu cha kuogopa hapo, wala cha kustaajabia.

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Alichukua kikoi chake garini, akatafuta mahali pakavu kando ya ua, hakupapata, akatandika juu ya majani mabichi akasali. Alipotoa salamu aliwaona wote wamesimama kimya karibu na moto, Wendell amevua kofia, wanamngoja. Hakuna aliyewaambia wangoje.

Kisha Arlene aliingia, na Wendell akamsaidia mjomba wake kupiga magoti mbele ya uwazi mdogo wa kibanda. Mtu huingia kwa kutambaa, na anapoingia husema maneno ya Kilakota ambayo maana yake ni jamaa zangu wote. Mzee Delmar aliyasema kwa sauti iliyokatika. Magoti hayakumtii. Akabaki pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, mgongo wake mkubwa ukitikisika, na bila kugeuka akasema kwa Kiswahili:

"Njoo, mdogo wangu."

Himid hakuwa amewahi kumfundisha neno njoo. Labda alilisikia garini, siku Himid alipomwambia Sundus kwenye simu, njoo unitazame. Himid alisimama pale, mikono mitupu. Alimkumbuka Suhaib. Kisha akavua viatu, akavua shati, akajifunga kikoi vizuri, akaenda akamshika mzee kiunoni, wakaingia pamoja.

Ndani kulikuwa na harufu ya udongo na majani makavu yaliyochomwa. Walikaa duara, magoti yakigusana, Mzee Delmar karibu na mlango, Himid pembeni yake. Keith aliyaleta mawe kwa uma wa shambani, moja baada ya jingine, na Wendell aliyapokea kwa maneno, kama mtu anavyowapokea wageni. Yakawekwa katika shimo la katikati. Wekundu wake uliwaonyesha nyuso zao kwa muda mfupi. Kisha Keith akateremsha blanketi la mlango, na kiza kikaingia, kiza cha kweli, ambacho Himid hakuwa amekiona tangu Pemba, kwani London hakuna kiza.

Maji yalimwagwa. Mawe yakalia. Joto halikuja polepole. Lilimwangukia usoni na mabegani kama kitu chenye uzito. Wendell akaanza kuimba, na Arlene akamfuata, na halafu, karibu sana na sikio la Himid, sauti ya Mzee Delmar. Si ile ya garini, ya mzaha na kikohozi. Ilikuwa sauti ya kijana. Nyimbo zile Himid hakumwimbia mtu yeyote baadaye. Alisema si zake kuzitoa.

Mlango ulipofunguliwa mara ya kwanza, mzee alikuwa amechoka kabisa. Wakamtoa, Keith akamketisha kwenye kiti kando ya moto, akamfunika. Sababu ya Himid kuwemo mle ilikuwa imetoka. Wendell akamwambia, "Unaweza kutoka naye. Hakuna aliyefungwa hapa."

Kutoka nje sauti ya mzee ikasema, "Akae. Mimi niko hapahapa."

Akakaa. Mawe mengine yakaletwa. Blanketi likashuka.

Safari hii hakuwa na mtu wa kumshika. Mvuke ulimwingia puani ukamchoma, masikio yakawa kama yanapikwa, moyo ukamwenda mbio mpaka akadhani atakufa pale, katika shamba la mtu huko Essex, na Sundus ataambiwa nini? Alinyoosha mkono kuutafuta mlango. Hakuupata. Pumzi zikawa fupi.

"Himid," Wendell alisema kwa utulivu katika kiza. "Inama. Weka uso chini. Kuna baridi chini."

Akainama. Paji la uso likagusa ardhi.

Miaka yote ya London alikuwa akisujudu juu ya mazulia, au juu ya kikoi kama mchana ule. Huu ulikuwa udongo wenyewe, mbichi, wenye vijiti na mizizi ya majani, na ulikuwa baridi kweli. Aliusikia puani. Pumzi zikamrudia. Akabaki hivyo muda mrefu, na machozi yakamtoka bila kwikwi wala huzuni anayoweza kuitaja, yakachanganyika na jasho, na kwa kuwa kulikuwa na kiza hakuyafuta.

Katika mzunguko wa tatu kila mtu aliomba kwa sauti. Arlene aliwaombea watoto wake. Wendell akamwombea mjomba. Ikafika zamu ya Himid, akaanza kwa Kiingereza chake cha kazini, "Nashukuru kwa kunialika," na Wendell akamkatiza taratibu.

"Sema kwa lugha utakayosikilizwa."

Himid alinyoosha mgongo. Halafu akaanza. Alimtaja Mwenyezi Mungu kama alivyofundishwa. Akamwomba amsahilishie Kaka Delmar safari yake. Akamtaja Mardhiya binti Khatib, kwamba alikuwa mtu wa kucheka, kwamba nyumba imekuwa kubwa. Alisema, "Ya Rabbi, mie sina wa kuzungumza naye." Hakuwa amekusudia kulisema hilo. Kisha akamtaja mama yake, na mama wa mama yake, na ami zake, na majirani wa Konde waliokufa yeye yuko mbali, hata Bibi Time aliyekuwa akiwauzia mandazi njia ya skuli, na majina yakaja yenyewe, mengine hakujua kama bado anayo. Sauti yake ndogo ilikuwa imekuwa kubwa.

Hapo ndipo lilipomtokea lile ambalo mpaka leo hana neno lake. Kibanda kile, kidogo kuliko jiko lake la Barking, hakikuwa na kuta tena. Alisikia sauti yake ikienda mbali, hairudi. Na nyuma yake, mahali ambapo alijua pana blanketi na baada ya blanketi pana shamba tupu, kulikuwa na watu. Walikaa safusafu, bega kwa bega, kama watu wanavyokaa kungoja sala. Hakuwaona, wala hawakusema. Alijua wapo kama unavyojua usiku kwamba chumba ulimolala mna mtu mwingine anapumua. Hakuogopa. Hakugeuka. Aliona kwamba akigeuka itakuwa kama kuwahesabu, na hakutaka kuwahesabu. Alitaka wabaki tu.

Mlango ukafunguliwa, mwanga mweupe ukaingia, na nyuma yake palikuwa na blanketi.

Walipomaliza, walitoka kwa kutambaa, moshi mweupe ukiwatoka mabegani katika baridi. Arlene aliwapa supu. Himid alikaa chini kando ya kiti cha mzee, kikoi kimejaa matope, hajali.

"Umeona nini?" Mzee Delmar aliuliza.

"Sikuona kitu. Kulikuwa na kiza."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wazungu wakitoka mle huwa wananiambia wameona tai."

Keith alikuwa akiusogeza moto kwa uma.

"Walikuwepo watu," Himid akasema mwishowe.

"Wengi?"

"Sikugeuka."

Mzee Delmar akaweka mkono wake uliovimba juu ya kichwa cha Himid kilicholowa, akauacha hapo.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Himid alikwenda Kilburn kila alipotoka kazini. Mara ya mwisho alimkuta mzee amelala, uso umevimba kwa maji, na Kiingereza kimemtoka. Alikuwa akizungumza Kilakota tu, mfululizo, kwa sauti ya chini, kama anayesimulia jambo refu. Wendell alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Himid akavuta kiti.

"Eti ee?" alisema Himid kwa Kiswahili, mzee aliponyamaza kidogo. "Kisha ikawaje?"

Mzee akaendelea. Himid akamwitikia. Wakakaa hivyo mpaka Wendell aliporudi, kila mmoja kwa lugha yake, na wala hapakuwa na kusitasita. Kesho yake jioni simu ikaja. Mzee Delmar alikuwa amekufa.

Wendell na Arlene walimsafirisha kwao. Siku ya kuondoka walimkumbatia Himid pale mlangoni pa kinyozi, wakaingia kwenye teksi. Teksi ikakata kona. Himid alibaki amesimama Kilburn, mtaa ambao sasa hakuwa na jambo la kufanya humo, watu wakimpita na mifuko yao ya ununuzi, akapanda treni akarudi Barking.

Wiki iliyofuata kiti cha mbele kilikaliwa na bwana mmoja aliyependa redio. Himid alimwashia redio.

Alimweleza Suhaib ukweli, kwa sababu hakuona la kuficha. Walikuwa wamekaa nyumbani kwa Suhaib, mbele yao chai. Suhaib alisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza.

"Tulikubaliana usiingie."

"Tulikubaliana."

"Na uliomba pamoja nao?"

"Nilimwomba Mola wangu. Wao waliomba kwao. Suhaib, nilisujudu mle ndani kuliko nilivyopata kusujudu popote."

Suhaib alisukuma kikombe. "Tubu tu, Himid. Yaishe."

"Nitubu nini? Niambie lipi, nitatubu."

Suhaib hakulitaja. Lakini tangu siku hiyo salamu yake ikawa ya mkono bila maneno, na baada ya sala hakungoja tena kwenye ngazi. Himid alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli katika mji ule, na sasa hata huyo alikuwa amesogea pembeni. Jumapili zikarudi kuwa ndefu. Alijaribu mara moja, chumbani kwake, kuzima taa zote na kuziba dirisha kwa blanketi, akakaa chini akasikiliza. Alisikia friji, na jirani wa juu akiburuta kiti. Taa ya barabarani ilipenya pembeni mwa blanketi. Akainuka, akaliondoa. Lile halikuja kwa kuitwa.

Kisha Sundus akapiga simu, Ijumaa kama kawaida yake. Akauliza kwa Kiingereza kama anakula vizuri. Himid alitaka kumjibu ndiyo, kama siku zote, mvua inanyesha, na wewe je. Badala yake akasema:

"Sundus, mama, nina jambo nataka kukusimulia. Ni refu, na n'talisema kwa Kiswahili. Ukichoka n'ambie."

Akamsimulia yote: foleni, mawe, kibanda, udongo usoni, wale watu. Upande wa pili hakuna sauti. Mara mbili alidhani simu imekatika.

"Upo?"

"I'm here, Baba."

Alipomaliza, Sundus alimuuliza, kwa Kiingereza, kama aliogopa. Himid akasema aliogopa joto, watu hakuwaogopa. Halafu Sundus akauliza yale majina aliyoyataja ni ya nani. Mardhiya alimjua, ni mama yake. Lakini huyo mama wa mama yake baba, alikuwa anaitwa nani?

Himid alishika simu kwa mikono miwili. Mwanawe alikuwa na miaka ishirini na ushei, na hakuwahi kuuliza. Naye hakuwahi kumwambia.

"Akiitwa Mwanaidi," alisema. "Mwanaidi binti Haji."

"Mwanaidi," alirudia Sundus, polepole. Akakosea mkazo wa neno.

Himid akamsahihisha, naye akalisema tena.